Mita Tano za Satini

Joho la muuaji nililishona mimi.
Satini nyeupe, mita tano, duka la kona mtaa wa Rufiji,
jora lile lile lililoivika kwaya ya Mtakatifu Sesilia.
Shigela alisema: mama Nyanzobe, mikono iwe mipana,
panga lipate pa kulala.
Mteja akitanguliza nusu, mimi siulizi.

Wakarekodi usiku kwenye majabali ya Igogo,
huko nyumba zinakopandana kama mbuzi.
Damu ilikuwa rozela iliyochemshwa na unga wa muhogo;
asubuhi watoto waliikuta mawe yanang'aa, wakairamba.
Muuaji alikuwa Bulugu, muuza barafu wa mwaloni Kirumba,
mtu anayefumba macho sangara akipasuliwa.

Hadithi yenyewe: mchungaji kazama ziwani siku ya ubatizo,
karudi na magugu maji shingoni,
anawatafuta aliowabatiza, mmoja mmoja,
aone kama wametunza.
Hawajatunza.
Akaanza na mlevi. Akaja kwa wawili wa gesti.
Akamfuata mhasibu wa sadaka mpaka chooni,
na ukumbi mzima pale Mabatini ukasimama: Mkate! Mkate huyo!
Mke wa askofu alipiga vigelegele. Nilikaa nyuma yake;
blauzi yake pia ni kazi yangu.

Sikusikia mtu akitaja kufuru.

Ndipo akaja Tedi, binti wa rozari.
Akapiga magoti jikoni, akasali taratibu,
sasa, na saa ya —
panga halikungoja neno la mwisho.

Kimya. Jenereta peke yake.
Kisha viti.

Wiki ile padri, askofu na shehe wa mtaa wa pili
walikaa meza moja, watu ambao hata kisu cha bucha
walishindwa kukubaliana nani akishike.
Filamu imemtukana Mungu. Filamu inasema sala haina kazi.
Ukumbi ukapigwa kufuli. Mabango yakaandikwa kwa rangi nyekundu,
nyekundu nzuri, si rozela.
Kamati ikanifuata kibandani, wazee watatu na katibu mwenye daftari:
Fundi, nani alimfundisha kijana mwisho ule?
Nikawajibu mimi napima mabega tu.

Nilisema uongo, na huyo aliyetukanwa anajua.
Mwisho ule nilimpa Shigela mimi,
pini zikiwa mdomoni, nikimpima Bulugu kifua.
Nilimsimulia jiko la bibi, Misungwi,
macho yake mekundu kwa miaka arobaini ya moshi wa samadi,
na kijiji kilichoyasoma macho yale kama barua.
Nilikuwa na miaka tisa, uvunguni, kati ya kibuyu na viazi.
Sala niliisikia yote mpaka pale.
Maneno yaliyobaki niliyamalizia mimi, kwa midomo, bila sauti,
na hadi leo sijui kama yalihesabiwa.

Hapakuwa na mabango. Katekista alikuja na mchanga,
akafukia doa, akaomba maji ya kunawa.

Sasa wamepatana: mwisho urekodiwe upya.
Malaika atashuka, panga litavunjika, Tedi atainuka,
askofu atatoa neno kabla ya majina kupita.
Shigela ana deni la kamera; sikumlaumu.
Kaleta kipande kingine, mita mbili na nusu tu,
anataka kanzu na mabawa.

Nimeshona. Kanzu inaishia magotini.
Bulugu ndiye malaika, hakuna mwingine mrefu.
Kajitazama kwenye kioo, kacheka, kainua mikono.
Mipana.
Sikukusudia. Mkasi umezoea.